Pale Wanaporudi

Mimi kukaa kitako sijui. Marehemu mama alikuwa akisema nimezaliwa na siafu kwenye kiti. Sasa tazama kazi niliyoipata: kukaa chumba kisicho na madirisha, kutazama filamu kutwa nzima. Mimi ni mkaguzi wa filamu. Kabla filamu haijafika kwenye majumba ya sinema inapita kwetu kwanza, nasi tunaamua nani aione: watu wote, watoto wakiwa na mtu mzima, au watu wazima peke yao. Ofisini wananiita Mama Mkasi. Wanadhani sijui.

Siku ile siafu walikuwa maradufu. Asubuhi, chai bado mdomoni, simu ikalia. Ujumbe wa kaka yangu. "Dada, likizo hii sitaweza. Mambo yamebana, na mtoto mchanga hatupi usingizi. Mwambie binti yangu nitakuja tu."

Nitakuja tu! Nilitamani kuitupa ile simu kwenye sufuria.

Binti yake ninaye mimi. Mkewe alipofariki, alimleta kwangu kwa wiki mbili, ati ajipange kidogo. Amejipanga mpaka ameoa tena na kupata mtoto mwingine, na huyu bado yuko kwangu, sasa yuko darasa la tatu. Tunamwita Chiriku, maana akifumbua macho tu mdomo umeshaanza kazi. Shule zilikuwa zimefungwa jana yake, na baba alikuwa ameahidi kuja kumchukua kesho yake. Begi lilikwisha kufungwa zamani. Nguo zake nzuri zote alizitia humo, kwa hiyo wiki nzima alikuwa akivaa zile zinazombana kwapani.

"Shangazi, nani huyo?"

"Watu wa simu hao na matangazo yao," nikasema. "Kunywa chai."

Akanywa. Mimi nikasimama, nikakaa, nikasimama, nikafuta meza ambayo nilikuwa nimeshaifuta. Nitamwambia njiani, nilijisemea. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwachia, ilibidi twende wote kazini. Akatoka chumbani na begi mgongoni.

"Hilo la nini? Si alisema kesho?"

"Je, akiwahi?"

Tukaenda na begi. Njia nzima aliniuliza maswali: baba atakuja asubuhi au mchana, yule mtoto mchanga ameshaota meno, na je, mtoto mchanga akipewa mkono anashika? Kila swali nililijibu kwa "tutaona". Tulipofika ofisini nilikuwa nimechoka kama niliyebeba mzigo, na begi alilibeba yeye. Nikamwacha mapokezi na penseli za rangi, nikaingia kazini.

Pale kwetu kuna desturi. Ukiona jambo usilolipenda kwenye filamu, unagonga meza. Fundi wa mitambo anaisimamisha, na wewe uliyegonga unajieleza. Wenzangu hugonga kwa kidole. Mimi hugonga kwa kiganja.

Filamu ya siku hiyo ilikuwa ya kuchekesha. Familia imejazana kwenye gari bovu, inakwenda harusini mbali. Baba hataki kuuliza njia, mama kanuna, na bibi amepakata saa ya ukutani ya zawadi, inayolia kila gari likiingia shimoni. Wakafika kituo cha mafuta, wakashuka wote. Wakati wa kuondoka baba akawahesabu watoto kwa kuwagusa vichwa. "Moja, mbili, tatu, nne. Tumetimia, twende!" Kumbe kichwa cha nne ni cha bibi, amejifunika shuka na kusinzia. Kitinda mimba yuko chooni. Anatoka anakuta vumbi tu.

Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, alicheka mpaka akakohoa. Kijana wetu aliyesomea akili za watoto, ambaye tunamwita Saikolojia, naye akacheka kwa adabu. Mimi nikagonga meza, vikombe vikaruka.

"Haya, Mama," akasema Mwenyekiti huku akijifuta machozi. "Leo kuna nini?"

"Mtoto ametupwa njiani, nyinyi mnacheka?"

"Hakutupwa, amesahauliwa. Tena si wanamrudia? Tazama mbele basi!"

"Mtoto anayetazama hajui kama watarudi! Hofu ile ataipeleka kitandani."

Saikolojia akasafisha koo. "Kitaalamu, hofu ndogo inayofuatwa na faraja—"

"Wewe una watoto wangapi?"

"Bado sijaoa, Mama."

"Basi nyamaza kidogo."

Tulibishana mpaka fundi akachungulia kuuliza kama aende zake kula. Wao walitaka filamu ipite kwa watu wote, maana msambazaji alitaka ianze kuonyeshwa likizo hii. Mimi niligoma. Na kwetu, tukikwama hivyo, kuna desturi ya pili: tunaita watoto waitazame, sisi tunageuza viti na kuipa skrini mgongo. Tunatazama nyuso zao. Sauti inatosha kukujulisha filamu imefika wapi, mengine utayasoma usoni mwa mtoto.

"Wajukuu zangu mapacha wako hapo nje," akasema Mwenyekiti, "tangu asubuhi wanang'oa maua ya serikali. Na wako si yupo?"

"Yupo," nikasema.

Hapo nitasema kweli yote. Nilijua yule mtoto ana kidonda gani, na nilijua wapi filamu itakigusa. Nikawaza: huyu akilia, nimeshinda. Moyo ulinisuta, lakini miguu ilishafika mlangoni. "Chiriku, njoo utazame filamu." Akaja mbio na begi lake, akaketi katikati ya mapacha, begi mapajani.

Taa zikazimwa. Nikakaa naye uso kwa uso, goti langu likicheza lenyewe chini ya meza. Alicheka saa ilipolia. Alimcheka baba na ubishi wake, tena akawaeleza mapacha kila kitu kana kwamba wao ni vipofu. Kikafika kipande cha kituo cha mafuta. Nikashika kiti. "Moja, mbili, tatu, nne. Tumetimia, twende!" Gari likanguruma, likaondoka.

Chiriku akaangua kicheko. Si kicheko cha kawaida, alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. "Amemgusa bibi! Jamani, amemgusa bibi!" Saikolojia akanitazama na kunyanyua nyusi. Laiti ningekuwa na kiatu mkononi.

Basi, nimeshindwa, niliwaza. Nikaanza kukusanya miwani yangu na hasira zangu. Nyuma yangu filamu ikaendelea. Nikamsikia yule baba, huko mbali barabarani, akihesabu tena: moja, mbili, tatu... Kimya. Halafu breki, mama akipiga yowe, gari likageuzwa, honi za magari mengine, saa ya bibi ikilia mfululizo, na muziki juu. Mapacha walikuwa wakirukaruka kwa furaha. Mwenyekiti akatikisa kichwa akitabasamu.

Chiriku alikuwa amenyamaza.

Kwikwi imekatika. Mdomo wazi, shingo mbele, mikono imelikumbatia begi. Hakupepesa. Nimekaa na mtoto huyu miaka, sijawahi kumwona amenyamaza hivyo akiwa macho. Goti langu nalo likatulia, na mimi sikupenda lilivyotulia.

Taa zikawashwa. Saikolojia akawauliza watoto kipande kipi kiliwafurahisha. Mapacha wakasema saa, saa, saa!

"Na wewe, mrembo?"

"Pale wanaporudi," akasema Chiriku.

"Kwa nini pale?"

"Kwa sababu baba yake alihesabu tena." Akafikiri. "Asingehesabu tena asingejua. Si kosa lake." Kisha akanigeukia mimi, si Saikolojia. "Shangazi, baba yangu ana watoto wawili tu. Wawili ni rahisi kuhesabu, si ndiyo?"

Mwenyekiti alitazama viatu vyake. Machozi yalinijia hapohapo mbele ya watu, nami si mtu wa machozi.

Nikagonga meza. Kwa kidole.

"Filamu imekwisha, Mama," akasema Mwenyekiti kwa upole. "Unagonga wapi?"

"Pale wanaporudi."

"Pale pana ubaya gani?"

"Hapana ubaya. Ni pazuri mno. Kuna mtoto akitoka pale atakuwa na swali, na asiitazame bila mtu mzima wa kumjibu. Watoto wakiwa na mtu mzima. Sibadilishi."

Saikolojia ndiye aliyenyanyua mkono wa kwanza kuniunga mkono. Sitamsema tena vibaya, angalau wiki hii. Mwenyekiti akawatazama mapacha wake, akamtazama Chiriku na begi lake, naye akanyanyua.

Nikamshika mtoto mkono, tukatoka. Kwenye ngazi nikakaa, nami nakuambia sikaagi. Nikamkalisha kando yangu.

"Asubuhi hawakuwa watu wa simu," nikasema. "Alikuwa baba yako. Kesho haji. Likizo hii haji kabisa."

"Alisema kwa nini?"

"Alisema mambo yamebana. Mimi nadhani anaweza kuja na haji. Nimemkasirikia sana. Na nilikudanganya, hilo ni kosa langu, si lako."

Hakulia. Alivuta zipu ya begi mbele, nyuma, mbele, nyuma, mpaka nikatamani kumshika mkono, lakini nikajizuia. Watu walipanda na kushuka wakitupita.

"Ungeniambia asubuhi," akasema. "Ningevaa gauni langu la bluu. Hili linanibana."

"Kweli. Ningekuambia asubuhi."

Tukainuka. Chini, mlango wa barabarani ukiwa wazi, akasimama. Akajigusa kichwani. "Moja," akasema. Akanyoosha mkono, nikainama, akanigusa na mimi. "Mbili." Halafu akanikazia macho kama mkaguzi hasa. "Shangazi, tumetimia?"

Jibu tamu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikalimeza.

"Hatujatimia," nikasema. "Lakini twende."

Akalifikiria. Kisha akalivua begi mgongoni na kunipa.

"Basi libebe wewe," akasema. "Mimi nimechoka nalo."