Aliyemwogesha Mama wa Daktari

Kunegunda alinunua sigara moja dukani Majengo, naye hakuwahi kuvuta hata siku moja. Muuzaji alimtazama mara mbili. Kunegunda akaifunga kwenye pindo la khanga, akashika njia ya Ruhuwiko kwenye msiba wa mama yake Daktari Aidan.

Alijua wanamsubiri. Katika jumuiya yao maiti ya mwanamke haikuguswa mpaka Kunegunda afike, kwa maana yeye ndiye aliyeongoza waoshaji. Habari ya sigara aliijua peke yake, na alikuwa anaionea raha.

Miaka saba alikuwa ameisubiri siku hiyo. Mumewe, Thadeo, alikuwa dresa wa zahanati kule Lusewa, mtu aliyefunga vidonda vya watu miaka ishirini na kusikitika kila siku kwamba hakusoma zaidi. Wahenga walisema maiti haulizwi sanda. Thadeo hakungoja kuulizwa; aliandika kwa mkono wake kwamba akifa, mwili wake upewe chuo cha waganga, vijana wajifunzie. Ukoo ulikuja juu. Wazee walisema mke amemuuza ndugu yao, wakazika mgomba badala yake, wakamfukuza Kunegunda kama mbwa aliyeiba nyama. Akavumilia, kwa sababu neno lilikuwa la Thadeo.

Na hao vijana wakafanya nini? Siku moja Swalehe, mpiga picha wa Majengo, alimletea bahasha huku anatazama chini. Wanafunzi walikuwa wamepeleka filamu kwake kusafishwa, wajinga wale, utadhani Songea ina studio mia! Swalehe aliitambua sura ya mtu aliyemtibia mwanawe. Pichani Thadeo alikuwa juu ya meza, sigara mdomoni, kofia imewekwa upande kichwani. Aidan, mmoja wa wanafunzi hao, amemkumbatia shingoni, anacheka meno yote nje.

Mtenda husahau, mtendewa hasahau. Aidan alihitimu, akaenda kusoma zaidi, na serikali iliporuhusu tena watu binafsi kufungua zahanati, akafungua yake hapo hapo Majengo. Wakikutana njiani alimwamkia vizuri, "Shikamoo, mama," bila kujua ni mjane wa nani. Kunegunda aliitika marahaba, akapita.

Sasa mama yake Aidan alikuwa amelala kwenye mkeka, chumba kimefungwa. Kunegunda alikuwa na desturi yake: huingia kwanza peke yake, humsalimia marehemu, humweleza anachotaka kumfanyia, ndipo huwaita wenzake na maji.

"Shikamoo, mama Paskalina," alisema. Lilimtoka kabla hajakumbuka kwamba leo hakuja kusalimia.

Alifungua pindo la khanga. Mdomo wa bibi ulikuwa wazi kidogo, kama umetengenezwa kwa kazi hiyo. Kunegunda alipiga magoti, sigara mkononi, na hasira ya miaka saba. Ndipo alipoiona miguu. Magaga yalikuwa yamepasua visigino, udongo wa shambani umeingia ndani usitoke tena. Miguu hiyo ndiyo iliyompeleka Aidan shule. Bibi huyu hakuwa amemkosea kitu, na sasa hakuweza kujitetea, kama Thadeo juu ya ile meza.

Aliisaga sigara kiganjani, akaitupa dirishani. Msidhani alisamehe. Hakusamehe hata chembe.

Aliwaita wenzake. Akamwogesha bibi polepole, akimwambia kila hatua, "Sasa nakugeuza, mama. Sasa nakuinua mkono." Alimfunga taya kwa kitambaa cheupe. Visigino alivipaka mafuta mara tatu, mpaka wenzake wakamuuliza kulikoni leo.

Watu waliaga, jeneza likafungwa, wakazika. Walipokuwa wanarudi kutoka makaburini, Aidan alimfuata pembeni, macho mekundu.

"Mama, asante sana kwa kumwogesha mama yangu. Mungu akulipe."

Kunegunda alimpa ile bahasha ya Swalehe. Aidan alitoa picha, akaitazama.

"Huyo anaitwa Thadeo," Kunegunda alisema. "Ni mume wangu. Alijitoa mwenyewe ili nyinyi muwe waganga. Mlimwita nani?"

Aidan aliigeuza picha, akaigeuza tena. Halafu Kunegunda aliona wazo linamwingia, aliliona waziwazi jinsi linavyomshika.

"Mama... ulikuwa peke yako na mama yangu?"

"Mwanzo, ndiyo. Mlango umefungwa."

"Umemfanya nini?"

"Ulimuaga. Ulimwona."

"Nilimwona uso tu!"

"Na mimi nina picha moja tu," alisema Kunegunda. "Thadeo alikaa kwenu miezi minane. Siku zile nyingine mlimfanya nini?"

Aidan alipiga magoti palepale njiani, na suti yake nyeusi, watu wanapita. "Nakuomba, mama. Niambie tu. Umemfanya nini?"

Angeweza kumwambia. Yalikuwa maneno machache: mafuta, visigino, kitambaa cheupe. Yalimfika ulimini, akayameza.

"Ukiamka usiku ukajiuliza," alisema, "ujue na mimi niko macho."

Akajifunga khanga vizuri, akaenda kuwasaidia wenzake kuosha masufuria ya msiba.