Kichupa cha Mwenye Afya

Mara ya kwanza Tülay alijilaumu mwenyewe. Amechanganya vichupa, basi. Miaka arobaini na tisa, macho hayamsaidii tena. Akarudia. Mara ya tatu majibu yakatoka yale yale.

Maabara yao pale Ankara ilichunguza kimeng'enya kimoja tu, BAP1, kinachobandua vibandiko vya yubikwitini, yaani alama ndogo za kemikali, kwenye protini. Jeni yake ikiharibika, mtu huwa hatarini kupata saratani ya jicho, ya figo, ya utando wa mapafu, na watoto wake huweza kuirithi. Kila damu ya mgonjwa ililinganishwa na ya mwenye afya, na kwa miaka kumi na mmoja mwenye afya alikuwa mkuu wa maabara, Profesa Vedat mwenyewe. Hakuna aliyewahi kuisoma jeni yake. Ya nini, na mtu hata mafua hayamjui? Leo Tülay aliisoma kwa sababu tu mashine mpya ilihitaji kujaribiwa.

Jeni ilikuwa imevunjika.

Aliyemjia kichwani kwanza hakuwa Vedat. Alikuwa Ece, binti wa pekee wa Vedat, mwenye mimba ya miezi saba. Yarabi, Ece ataambiwa nini?

Vedat aliingia anatafuna simiti, ule mkate wa duara wenye ufuta. "Tülay, mbona umenuna? Damu imeisha? Kamua, ng'ombe ndiye huyu!" Tayari anakunja mkono wa shati.

"Mwalimu, kaa kwanza."

"Nikae chai yangu inapoa?"

"Kaa, nakuomba."

Akamgeuzia kioo cha kompyuta. Vedat akasoma, akatikisa kichwa. "Maskini. Ni mgonjwa gani huyu?"

Tülay alitamani ardhi ipasuke immeze. "Si mgonjwa. Ni wewe, Mwalimu."

"Umechanganya vichupa."

"Nimerudia mara tatu. Ya mwisho ni kwa damu niliyokutoa asubuhi hii."

Vedat akasoma upya, herufi kwa herufi, kidole kwenye kioo. Alipofika mwisho alianza tena. Kisha akatoa simu.

"Baba!" Sauti ya Ece ilijaa chumba kizima. "Unanipigia saa za kazi? Nani kafa?"

Vedat alifungua kinywa. Familia ngapi alizipa habari hii, kwa upole, bila kusita! Sasa akamuuliza bintiye kama amekula.