Mafuta ya Cherehani

Muuguzi alikaza breki pale mteremko unapoanza, na baiskeli haikujali. Akakaza tena, mikono yote miwili, mpaka vidole vikamuuma. Diski, yale mabamba ya chuma ya magurudumu, zikawa zinateleza tu katikati ya pedi za breki. Baiskeli ya umeme si nyepesi: ina mota, ina betri, na nyuma alikuwa amefunga sanduku la dawa za wagonjwa anaowatibu majumbani. Huko chini mwanamke mwenye beseni la vyombo alikuwa akivuka barabara bila habari. Muuguzi akapiga ukelele, akakata usukani, akajibamiza kwenye rundo la mchanga wa ujenzi.

Mwanamke yule alisalimika. Muuguzi alivunjika mtulinga, akarudishwa nyumbani mkono umefungwa shingoni.

Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na mama mkwe wake, mshonaji. Tangu afariki yule aliyekuwa mume wa mmoja na mwana wa mwingine, majirani walingoja kila mmoja ashike njia yake. Wakachoka kungoja. Sasa mama mkwe alimlisha mkamwana wake kwa kijiko, na kila akipita uani aliikata baiskeli jicho.

"Libaiskeli hili nusura liniulie mtu," alisema. "Kesho linakwenda kwa wanunua chuma chakavu."

"Ngoja kwanza fundi alione, Mama."

Fundi baiskeli akaja na mfuko wake wa zana. Alifungua gurudumu la mbele, akatoa pedi, akazinusa kama mtu anayeshuku maziwa. Kisha akapitisha kitambaa cheupe kwenye diski, akamwonyesha muuguzi.

"Hapa pametiwa mafuta, dada. Na nyuma vilevile. Nani katia?"

Muuguzi akasogeza pua. Harufu ile aliijua. Aliishi nayo nyumba moja. Ilikuwa ya mafuta mepesi ya cherehani. Akakumbuka juzi breki zilivyokuwa zikilia alipokuwa anatoka, na mama mkwe alivyocheka: "Chuma kikilia kina kiu!" Ndani, cherehani iliyokuwa ikinguruma ilinyamaza, na mama mkwe akatokea mlangoni, uzi ungali mdomoni.

"Ni mimi," muuguzi akamwambia fundi haraka. "Zilikuwa zinanipigia kelele."

"Mwongo," mama mkwe akasema taratibu. "Huyu hata sindano ya cherehani hajui kuitia uzi, chupa yangu ya mafuta kaijulia wapi? Nilitia mimi. Nilidhani namsaidia."

Akaketi kizingitini kama gunia lililoshushwa. "Mmoja Mungu alimchukua. Huyu nilikuwa nampeleka kwa mkono wangu." Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia.

Muuguzi akaketi ubavuni pake. Alitaka kusema hakuna neno, lakini neno lilikuwepo, na bega lilikuwa linamuuma.

"Nimeumia, Mama, na hapa nilipo nina hasira," alisema. "Lakini sitaki uingie ndani ukajifungie. Kaa hapa tusikie pamoja."

Mama mkwe akapangusa uso kwa upindo wa kanga. "Haya, fundi. Tufundishe."

Fundi akakohoa kidogo. "Breki ya diski ikilia inataka kusafishwa, Mama, mafuta haiyataki kabisa. Pedi zikishakunywa mafuta hazina dawa, ni za kutupa. Diski unaifuta kwa spiriti na kitambaa safi, na usiiguse kwa vidole. Vidole navyo vina mafuta, tena ikitoka safari inaunguza."

Akafunga pedi mpya mbele na nyuma. Akaeleza kwamba nazo hazishiki vizuri siku ile ile: lazima baiskeli iendeshwe kwanza mahali tambarare, breki zibanwe polepole, tena na tena, mpaka zizoeane na diski. "Na kila asubuhi, kabla ya kupanda, zibane zote mbili uisukume. Gurudumu likizunguka, hutoki."

Tangu siku hiyo mama mkwe ndiye aliyekuwa akibana na kusukuma, kila asubuhi, hata wakati muuguzi alipokuwa bado hajaweza kupanda.

Mfupa uliunga, lakini haukuunga sawasawa. Bega la kushoto lilibaki chini kidogo kuliko la kulia. Sare ya kazi ikawa inamkaa upande. Mama mkwe aliligundua hilo siku ya kwanza ya kurudi kazini. Alimsimamisha mkamwana wake karibu na dirisha, akatoa futi shingoni, akaanza kuchukua vipimo upya, bega moja moja.