Mbwa wa Rangi ya Nyasi

Ugomvi wa kwanza juu ya yule mbwa ulitokea akiwa bado hajafumbua macho vizuri. Mama yake alizalia kwenye banda la kuchomelea vyuma, nyuma ya mitungi ya gesi, na mwenye banda, fundi ambaye kila mtu alimwita Cheche, alikuwa amechuchumaa mbele ya watoto wawili waliobaki. Mmoja alikuwa mweupe mwenye mabaka. Mwingine alikuwa kahawia mwili mzima, toka pua mpaka ncha ya mkia, kama bonge la sukari guru.

"Chukua mweupe," alisema kaka yake, aliyeegemea mlango.

"Mweupe wa nini? Kwale si watamwona toka ng'ambo ya pili?"

"Kwale hawana neno. Mwenye neno ni mtu aliyeshika bunduki. Mbwa wa kazi lazima aonekane, mdogo wangu."

"Kaka, wewe unataka mbwa au shuka la hospitali?"

Cheche alicheka peke yake. Akamchukua wa kahawia, akamwita Guru, na yule mweupe akaenda kwa watu wengine.

Haikuwa kawaida yake kumpinga kaka. Wazazi wao walifariki Cheche akiwa bado anavaa kaptula, na huyo kaka ndiye aliyemlea, akamsomesha ufundi, akamfundisha hata kushika bunduki ya marisau. Sasa kaka alikuwa na mvi na alikuwa dereva wa basi la shule. Watoto walimwita Babu Honi, maana alipiga honi kwenye kila geti, hata pale ambapo mtoto alikuwa ameshasimama nje na mkoba mgongoni.

Guru alikua akawa jike mwenye miguu mirefu na akili nyingi. Cheche alimfundisha jioni, akitoka kazini, kwenye uwanja ulio nyuma ya mabanda: kutafuta harufu, kusimama kimya ndege wakiwa karibu, kungoja, kuokota bila kutafuna. Alimfunga kengele ndogo shingoni. Kengele ikilia, mbwa anatafuta. Ikinyamaza, mbwa amesimama na ndege yuko mbele ya pua yake.

Shida ilikuwa kiangazi. Nyasi zikikauka zilikuwa na rangi ya Guru hasa. Akiingia hatua chache tu, ardhi imemmeza. Cheche alijivuna kwa hilo kama vile yeye ndiye aliyempaka rangi. Kaka alikuwa akiuliza kila mara, "Yuko wapi? Yuko wapi sasa?" Siku moja akaleta kitambaa cha rangi ya chungwa, kikali cha kuumiza macho, akasema mbwa avalishwe. Guru alikitafuna. Cheche alimvalisha tena mara moja, mara mbili, kisha akakitundika bandani kwenye msumari, na mambo yakaishia hapo.

Jumapili ile walitoka wawili tu, na kibali chao mfukoni, kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Asubuhi ilikuwa imetulia. Cheche alipita kushoto, kaka kulia, na katikati yao kengele ya Guru ilikuwa ikienda na kurudi. Walitaniana. Kaka alisema mdogo wake anatembea kama mjamzito, Cheche akamjibu kwamba ni chakula cha shemeji.

Kengele ikanyamaza.

"Amesimama!" Cheche aliita. Alijua alipo kwa sababu aliziona nyasi zikitikisika kabla hazijatulia.

Kwale mmoja akachomoka kwa kishindo, akaruka chini chini, karibu kugusa nyasi. Ndege wa namna hiyo hapigwi. Kaka mwenyewe ndiye aliyemfundisha hivyo Cheche alipokuwa kijana: akiruka chini ya kifua chako mwache aende, kwa kuwa hujui nini kiko nyuma yake.

"Mwache!" Cheche alipaza sauti, na mlio wa bunduki ukaangukia juu ya neno lake.

Kengele ililia mara moja, kisha basi.

Alimkuta Guru amelala ubavu, mguu mmoja wa mbele bado umekunjwa vile vile kama alivyosimama kuonyesha ndege. Alipiga magoti. Nyuma yake alisikia hatua za kaka zikija, na kifua kikamjaa maneno, maneno ambayo mtu akishamwambia kaka yake hayarudi tena mdomoni. Akageuka ayaseme.

Kaka alikuwa anatabasamu.

"Ameanguka?" aliuliza. Alikuja mpaka buti lake likasimama kando ya kichwa cha mbwa. Akaangalia nyasi huku na huku. "Mbona kimya? Mwite Guru alete ndege."

Cheche alimtazama. Macho ya kaka yalikuwa wazi, safi, yameelekea palepale kwenye damu.

"Kaka, usisogee."

"Kuna nini? Nyoka?"

"Inama."

Kaka aliinama, mikono ikitangulia. Vidole vyake vilifika kwenye manyoya, vikasimama, kisha vikapanda polepole ubavuni mpaka kwenye sikio, vikagusa unyevu.

"Ni mimi?" alisema.

Hasira yote ilikuwa imemtoka Cheche, na pale ilipokuwa pakabaki ubaridi.

"Macho yameanza lini?"

Kaka alikaa chini, palepale kwenye mabua. Aliuweka mkono wake juu ya mbwa. "Yalianzia pembeni," alisema. "Sasa naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kitu cheupe nakiona. Cha rangi kali nakiona, kikinijia mbele. Lakini kahawia na nyasi, kwangu ni kitu kimoja. Huyu nilikuwa namfuata kwa kengele."

"Si ungeniambia tu?"

"Nilikwambia uchukue mweupe."

Cheche alifunika uso kwa mikono yake. Alipoiondoa, wazo jingine lilikuwa limemfikia, na hilo lilimtisha kuliko yote.

"Na basi, kaka? Watoto?"

"Njia ile naijua. Naweza kuiendesha nimefumba macho."

Alisikia mwenyewe alichosema. Kisha akamshika mdogo wake mkono, kwa nguvu, kama mtu anayezama. "Usimwambie shemeji yako. Nakuomba. Ngoja shule zifunge, nitaacha mwenyewe kwa heshima yangu. Nisipoendesha basi, mimi ni nani?"

Walimzika Guru ukingoni mwa shamba. Kurudi, Cheche ndiye aliyeendesha gari, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Usiku huo hakufumba jicho, na kulipopambazuka alikuwa tayari uani kwa kaka yake. Basi lilikuwa linanguruma. Kaka alikuwa amekaa kwenye usukani, shati limepigwa pasi, kola imefungwa. Cheche alipanda akakaa kiti cha mbele.

"Shuka, nitachelewa."

"Nitashuka. Ila niambie kwanza, pale getini amesimama nani?"

Kaka aligeuza kichwa. Geti lilikuwa la bati lililoshika kutu, na jua lilikuwa bado chini. Alitazama kwa muda, akasogeza uso kwenye kioo, akatazama tena.

"Getini hakuna mtu," alisema. "Acha michezo yako."

Mkewe alikuwa amesimama pale, na gauni lake la kahawia la kufanyia kazi, ameshika komeo tayari kufungua. Dirisha la basi lilikuwa wazi. Alisikia. Mkono wake uliteleza kwenye komeo, ukapanda mdomoni.

"Baba watoto," aliita. "Mimi hapa. Mimi siyo mtu?"

Kaka alizima injini. Hakumwangalia mkewe wala mdogo wake. Alichomoa ufunguo, akauweka juu ya dashibodi, akashuka akiwa ameshikilia mlango, akaingia ndani. Cheche alibaki ndani ya basi, akasikia mlango wa chumbani ukifungwa, na shemeji akilia palepale alipokuwa.

Daktari alisema ni presha ya macho, ya siku nyingi. Kilichopotea kimepotea, dawa ya matone itajaribu kulinda kilichobaki. Shule ikapata dereva mwingine, kijana asiyependa honi. Cheche alikwenda kwa kaka kila jioni, na kila jioni aliambiwa kaka amelala. "Mvumilie, shemeji," mke wa kaka alimwambia mlangoni. "Hajakasirika kama unavyofikiri. Anaona aibu, na aibu ya mtu mzima ni nzito." Mvua zilianza, zikaisha. Cheche alirudisha bunduki polisi, na hakufuga mbwa mwingine.

Kisha mchana mmoja, akiwa anachomelea dirisha, aliinua kinga ya uso akamwona kaka yake mlangoni, amemshika mkewe kiwiko. Alikuwa amekonda. Cheche alizima mashine, akaleta benchi, akalifuta kwa shati lake mwenyewe.

Walikaa. Shemeji akasema anafika dukani mara moja, akawaacha.

"Kuna kitu kinanikereketa," alisema kaka. "Nimetoka na yule mbwa misimu yote ile. Nilijua kengele yake, nilijua mkia wake ukinipiga mguuni. Lakini kumwona hasa, kumwona vizuri, sikuwahi. Nimemuua na simjui sura."

Cheche alitaka kusema yaishe. Hakuweza.

"Niambie alikuwaje," kaka alisema.

"Alikuwa kahawia."

"Hilo najua. Kahawia gani?"

Cheche alifikiri. Akaanza vibaya, akaacha, akaanza tena. Alisema mgongoni alikuwa mweusi kidogo, kama chai iliyochemka mno, na tumboni alififia. Alisema macho yake yalikuwa na rangi ya asali, na masikio yakilowa yalikuwa kama ngozi ya kiatu kipya. Alisema kuna mahali palipojikunja manyoya, nyuma ya shingo, chini ya kamba ya kengele, na hapo sauti ikamkatika.

Kaka alimpapasa bega mpaka akalipata, akauacha hapo mkono wake.

"Polepole," alisema. "Leo siendi popote."