Nusu ya Kichwa cha Mama Onema

"Kitendawili," akasema Mwanahamisi, msusi mzee ambaye mtaa mzima humwita Koko.

"Tega," akajibu Gisèle, amekaa mkekani mbele ya magoti yake.

"Shamba langu halina udongo, nalilima kwa vidole."

Gisèle akacheka, akasema jibu njo kichwa hiki. Kesho yake angemwigiza Mama Onema, aliyevusha watu mto Lualaba kwa mtumbwi wakati wa vita.

Alain, mkubwa wa kundi la maigizo, alikuwa amemchora Onema na liputa mpya, kitenge cha waksi, na nywele ndefu juu kama taji, zenye shanga. Koko aliitazama karatasi, akamrudishia taratibu. Alimweleza kwamba mwaka ule wa vita treni haikufika, maduka yalikuwa matupu, na wanawake walivaa liputa tatu moja juu ya ingine, maana ukikimbia, kabati yako ni mwili wako. Uzi mweusi wa kusukia nao ulikosekana, wakafumua magunia ya unga wapate nyuzi.

Alain alikubali yote, mpaka alipoona Koko amesuka upande wa kuume tu na kuweka kitana chini.

"Watu watacheka, Koko."

"Wacheke. Risasi zililia nikiwa namsuka, nimefika hapa," akagusa utosi wa Gisèle. "Onema akainuka, akasema nitarudi umalize."

Hakurudi. Binti yake Anne, aliyekuwa na miaka sita wakati ule, hakubaki hata na picha. Sasa alikuwa anakuja toka Kampene kutazama, na Koko alitaka amuone mama yake vile alivyoondoka siku ile.

Kesho yake, Gisèle alipotokea jukwaani, watu walicheka kweli. Vijana wa nyuma wakapiga miluzi, na Koko akainama, akiona amemwaibisha rafiki yake mbele ya mtoto wake.

Ndipo Anne akasimama, akapanda jukwaani, akaweka kiganja juu ya zile nywele zisizosukwa. Kicheko kikazimika chenyewe.

"Siku ile mimi njo nilishika kitana," akasema. "Sura yake nilisahau. Hii nusu sikuisahau."

Mchezo ulipoisha, Gisèle alikaa tena mkekani. Anne alisuka upande wa kushoto kwa nyuzi za gunia, mistari ikienda kombo kama njia ya mbuzi. Koko aliiona. Mkono ulimwasha kuinyoosha, lakini akaukalia.