Mikate Iliyokataa Kukaa Chini

Mama Kidoti alipofungua mlango wa tanuri asubuhi ile, mikate haikuwa kwenye trei. Ilikuwa imejipanga juu, imejibandika kwenye dari ya tanuri, nayo imeiva vizuri, kahawia pande zote. Akachukua kibao kirefu cha kutolea mikate, akaanza kuivuta mmoja mmoja kama mtu anayeangua mapapai. Kila uliotoka ulipanda taratibu hadi kwenye dari ya chumba, ukatulia karibu na taa.

"Leo imeumuka," alisema Bi Majivu, mwenzake aliyechochea moto na kuzoa majivu.

"Imeumuka kupita kiasi."

"Afadhali hii kuliko ile ya juzi iliyolala kama tofali. Ngoja nilete ngazi."

Bosi aliingia akiwa bado anatafuna kijiti cha meno. Akatazama juu, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Bosi, mikate inapaa," Mama Kidoti alisema.

"Naona. Kuna mteja aliyelalamika?"

"Hapana. Mmoja ameomba uzi."

"Basi mpe uzi."

Haikuchukua muda watu wakazoea. Walitoka dukani na mikate ikielea juu ya vichwa vyao, na wanawake wenye mizigo waliifunga kwenye vifungo vya magauni ili mikono ibaki huru. Mzee mmoja uzi ulimponyoka kwenye kona ya posta. Alisimama akiutazama mkate wake ukivuka paa la benki, akasema "haya, safari njema," akarudi kununua mwingine.

Mikate iliyopinda ilikuwa haki ya wafanyakazi. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za baba yake bosi. Mama Kidoti alimwachisha binti yake ziwa kwa mikate hiyo, akamkuza nayo mpaka akaanza shule, na hakuna kitu kilichomfurahisha kama kuingia nyumbani na mkate chini ya kwapa. Sasa aliingia nao ukimtangulia mlangoni.

Jioni moja mama mkwe wake alimwita kutoka jikoni.

"Mama Kidoti, hebu njoo umshike mwanao. Mimi mkono haufiki."

Kidoti alikuwa juu ya kabati, mgongo umegusa dari, anachezea utando wa buibui.

"Bibi, huku kuna vumbi," alisema.

"Najua, mjukuu wangu. Tangu goti lianze kuniuma sijapanda kufuta."

Mama yake alipanda kwenye kiti, akamvuta kwa mguu. Mtoto alikuwa mwepesi kama nguo iliyokauka. Alipomwachia akapanda tena, akicheka. Basi wakamfunga kiunoni kwa mbeleko aliyobebewa utotoni, ncha ya pili wakaifunga kwenye mguu wa kitanda, wakamrushia uji kwa kikombe chenye mfuniko.

Katika nyumba ile hakuna aliyelala kabla ya kuuliza jambo moja ambalo hakulielewa siku hiyo. Waliuliza wakiosha vyombo. Mama mkwe ndiye aliyeuanzisha utaratibu huo alipokuwa mjane kijana, akiamini kwamba Mungu hamnyimi jibu mtu anayeuliza huku mikono yake inafanya kazi.

"Swali langu ni hili," Mama Kidoti alisema, akisugua sufuria. "Kwa nini yeye, sisi hapana?"

Mama mkwe alipangusa sahani mbele na nyuma.

"Mimi mkate siuli, meno yamegoma. Wewe je?"

"Namwachia yeye."

"Wote?"

"Anaupenda, mama. Nikiuona tu namwazia yeye."

Bibi aliiweka sahani mahali pake, akachukua nyingine. Mama Kidoti aliendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa imekwisha kutakata. Kabla ya kulala alipiga magoti, akaomba kwa ufupi kama kawaida yake: "Mungu wangu, nipe akili ya kesho asubuhi tu. Ya mchana nitakuja kuiomba mchana."

Asubuhi alikanda polepole, akitazama. Zamani birika la kukandia lilimeza gunia zima la unga. Sasa lilipewa nusu, na bakuli la dawa nyeupe ambayo bosi aliileta mwenyewe na kuimimina mwenyewe. Donge lilipanda mpaka ukingoni kama zamani, likapita. Alibonyeza kwa kidole gumba, kama wakandaji wote wanavyofanya kujua kama limekuwa tayari. Kidole kilirudishwa kwa nguvu, kama mtu aliyegonga mlango akafukuzwa.

Alikuwa amebeba unga wa nyumbani kwenye kopo. Akaukanda peke yake, bila dawa, akauchoma kwenye pembe ya tanuri. Ulitoka mkate mdogo, mnene, wenye sura ya mtu aliyenuna. Ulikaa kwenye trei. Alipounyanyua, kiganja chake kilishuka kidogo.

"Bi Majivu, shika huu."

Bi Majivu aliushika, akaupima mkononi, akaurudisha haraka.

"Mimi nina watoto, shoga yangu. Sijaona kitu."

Mama Kidoti akaenda ofisini na mkate wake.

"Bosi, unga umepungua kwenye mikate."

"Mkate wangu ni mkubwa au mdogo kuliko wa zamani?"

"Mkubwa."

"Ni mlaini au mgumu?"

"Mlaini."

"Sasa wewe unanidai nini?"

"Uzito, bosi."

"Uzito!" Bosi alicheka mpaka kijiti kikamdondoka. "Nani anakula uzito? Watu wanakula mkate."

"Mwanangu yuko darini."

"Mshukuru Mungu, wa wenzako wako vichochoroni." Kisha akaacha kucheka. "Kama mikono imechoka kukanda, mlango ule hatuufungi."

Mama Kidoti aliutazama mlango. Akawaza kodi ya chumba, goti la mama mkwe, unga ambao sasa angepaswa kuununua. Mkono mtupu haulambwi. Akarudi kwenye birika.

Hata hivyo hakunyamaza. Jioni alipita kwa majirani na mkate wake mzito kwenye kitambaa, akiwakatia vipande. Walimkaribisha vizuri. Watoto wao nao walikuwa wameanza kuelea, wa huyu usawa wa meza, wa yule usawa wa pazia.

"Viatu vinadumu," alisema mke wa fundi saa. "Wa kwangu tangu likizo hajatoboa soli."

"Lakini hana nguvu. Mtazame shingo."

"Nimemtazama, Mama Kidoti. Nimemzaa mimi." Akatafuna kipande alichopewa, akatafuna sana. "Huu mkate wako unachosha taya. Na kwa unga ninaoweza kununua, huu ungetosha watu wawili nyumbani kwangu. Sisi tuko saba. Ule mwingine ukiwekwa mezani, angalau meza inajaa."

Hilo Mama Kidoti alikwenda nalo nyumbani, akaliuliza wakati wa kuosha vyombo, akalala nalo.

Alichokiweza alikifanya. Alianza kuoka nyumbani, kwenye sufuria yenye makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Kidoti alilalamika kuwa mkate unapigana naye.

"Tafuna," bibi alimwambia. "Wewe ukiushika, nao unakushika."

Mtoto akaanza kushuka. Kwanza usawa wa dirisha, kisha wa meza. Jumapili moja, watu wakirudi kutoka kwenye ibada, vidole vyake vya miguu viligusa sakafu. Siku chache baadaye vikafuata visigino. Alitembea chumbani akipiga miguu kwa makusudi, tap, tap, na bibi yake akafunga macho kusikiliza. Mama yake aliifungua mbeleko, akaifua, akaianika. Usiku huo alipopiga magoti hakuomba kitu. Alishukuru tu, akalala kama gogo.

Jumatatu alimpeleka shuleni mwenyewe, amemshika mkono, wote wawili wakikanyaga. Akamwacha mlangoni, akazunguka hadi dirishani ili amwone akikaa.

Watoto wote walikuwa darini, daftari zao zimebanwa kwenye mbao za paa, wanaandika kichwa kikiwa kimeinama upande. Kila mmoja alikuwa na kipande cha mkate mfukoni. Aliitambua mikate ile. Aliikanda juzi. Walimu walikuwa wamefunga ndoano kwenye madawati za kushikia nyuzi zilizofungwa viunoni mwa watoto, lakini madawati yenyewe yalikuwa mabovu na yalianza kunyanyuka.

"Tumepata mtoto mzito!" mwalimu alisema, amefurahi kweli kweli. Akamkalisha Kidoti dawati la katikati, akazikusanya nyuzi za darasa zima, akazifunga kwenye mkono wake wa kulia kwa fundo zuri la mara mbili.

"Mwalimu, ataandikaje?" Mama Kidoti aliuliza dirishani.

"Atajifunza kushoto, mama. Watoto hushika upesi."

"Hawa wenzake wanahitaji kula."

"Wanakula. Hakuna anayekuja bila mkate."

Kidoti alimwona mama yake. Uso ukamchangamka, akainua mkono kumpungia. Dari nzima ilitikisika. Mtoto mmoja aligonga kichwa kwenye boriti, akaanza kulia. Kidoti alitazama juu. Akaurudisha mkono wake dawatini polepole, akaulaza, akaweka wa kushoto juu yake kuukandamiza, akabaki akimtazama mama yake bila kutikisika.