Nguvu Zilizobaki Mguuni

Tangu mume wangu apigwe na kiharusi, mimi ndiye ninayemnyanyua kila asubuhi kutoka kitandani hadi kwenye kiti chake cha dirishani. Siku hizi nashindwa. Kifungua mimba wetu, ambaye hupiga simu kwa ufupi kama anakatwa mshahara, akasema nikapimwe miguu; nikionekana siwezi, atamchukua baba yake akakae kwake. Kwake ni safari ya siku nzima kwa basi. Mimi sikutajwa, maana mkewe na mimi hatupikiki chungu kimoja.

Hospitalini, kijana wa mazoezi ya viungo alinifunga mguu kwenye kiti cha chuma, akaniambia nisukume kwa nguvu zangu zote. Nilisukuma hadi meno yakauma. Nikiwa bado nasukuma, akanipiga umeme kidogo pajani. Mguu ukasukuma zaidi, wenyewe, bila kuniuliza.

"Umeona, mama?" alisema. "Msuli bado una akiba. Ila kichwa kikiamuru, amri haifiki yote. Ni umri. Halafu na msuli wenyewe umepungua."

Hayo ya mwisho yaliingia sikio hili yakatokea lile. Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba. Kumbe nguvu ninazo, zimejificha tu, kama mtoto mvivu siku ya kufua.

Na kuzitoa nilijua. Ujanani nilibeba magunia kwenye mashine ya unga. Gunia likigoma kupanda, mwenzako alikutukana papo hapo, wewe na ukoo wako, hasira zikapanda na gunia likapanda nazo. Hakuna aliyenuna; ndiyo ilikuwa kazi.

Kesho yake asubuhi niliinama, nikaiweka mikono ya mume wangu shingoni mwangu.

"Baba watoto, nitukane."

"Nini?"

"Nitukane, nipate hasira. Anza na mama yangu, hukuwahi kumpenda."

Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, ule unaofanya kazi. Kisha akaona sitanii.

"Mbuzi wewe," alisema.

Nikajikaza. Akanyanyuka kidogo, akaliacha godoro, na mapaja yangu yakaanza kutetemeka. Nilikasirika kweli, lakini miguu haikujua kama nimekasirika.

"Lingine," nikamwambia. "Zito zaidi."

Nilisikia pumzi yake tu sikioni, na nadhani alikuwa anaisikia yangu, inavyokwaruza. Magoti yakalegea, tukarudi kitandani pamoja, mimi juu yake, kidevu changu kwenye bega lake lililokufa. Nilijaribu kuinuka, nikashindwa hata hilo. Mkono wake mzima ukanishika mgongoni.

"Mwambie mtoto aje anichukue," alisema.

Ulimi wake ni mzito, watu humwomba arudie. Nami nikamwomba arudie, ingawa nilikuwa nimesikia vizuri.